Bomba Lililoangalia Juu

Pale stendi ya pikipiki walimwita Paka, na jina hilo lilimuuma kuliko njaa. Walimpa kwa sababu pikipiki yake ilikuwa haisikiki. Ilifika ubavuni mwa abiria na kusimama, abiria akageuka na kushtuka kuikuta iko pale. Mtu mwenye akili zake angeshukuru. Wazee walimtafuta yeye, kina mama wenye vichanga walimtafuta yeye, na hata mlinzi wa zahanati, ambaye kazi yake yote maishani ilikuwa kukataa, alimwachia aingie na wagonjwa mpaka mlangoni. Lakini Paka hakutaka shukrani za wagonjwa. Alitaka heshima ya wanaume wanaoshinda wamejilaza juu ya pikipiki zilizozimwa, wakibishana pikipiki ya nani ina mbio.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mlango wake ulitazama uchochoro ulioishia hapo stendi. Alikuwa amewaona wanaume hao kwa miaka. Kwa maoni yake, ukiwakusanya wote na kuwakamua, akili itakayotoka haitajaza kijiko. Hakuyasema hayo kwa sauti. Alikuwa na mtoto wa kunyonya, sare za shule za kumalizia, na chumba kimoja ambacho mvua ikinyesha kilivuja juu ya kitanda na si penginepo.

Chumba hicho ndicho walichotaka kukihama, na safari hii njia ilikuwepo. Nyuma ya soko kulikuwa na mwanamke aliyetotolesha vifaranga kwa mashine na kuwauzia wafugaji. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga. Alikuwa akimtumia Paka mara mojamoja kupeleka maboksi kwa wateja, na sasa alitaka dereva mmoja wa kudumu, wa mshahara wa mwezi, asiyehangaika na abiria. Alikuwa akiwapima wawili: Paka, na dereva mmoja mtu mzima aliyeitwa Babu Kofia kwa sababu helmeti yake ilifungwa kidevuni kwa kamba ya viatu.

"Wewe nakupenda zaidi," alimwambia Paka mbele ya mkewe. "Yule mwenzako akitabasamu utadhani anatoa mkopo. Lakini ekzosi yako imetoboka, nimeisikia juzi. Vifaranga wakishtuka wanarundikana, wakirundikana wanakosa hewa. Nunua nyingine, kisha uje tuzungumze."

Ni kweli ilikuwa imetoboka. Kutu ilikuwa imelila bomba la moshi kwa chini, na kwa mara ya kwanza pikipiki ya Paka ilikuwa inasikika. Mkewe aligundua jambo ambalo hakulipenda: tangu bomba litoboke, mumewe alikuwa anarudi nyumbani akipiga mbinja.

Walikwenda pamoja kwenye duka la vipuri, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha ilitokana na sare alizoshona mke. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno laini, aliyemwita kila mteja "mtaalamu" mpaka alipe.

"Hapa kuna matatu, mtaalamu," alisema, akiyalaza mabomba juu ya kaunta. "Hili nene ni kama lile lililotoka na pikipiki. Halina kelele, halichomi, injini inalielewa. Ila ni zito, na kwa sura, utaniwia radhi, ni kama bomba la maji machafu. Hili la katikati ni fupi kidogo, sauti yake ni ya kiume lakini ya adabu, na lina bati lake la kukinga joto."

"Na lile?" aliuliza Paka. Macho yake yalikuwa kwenye lile la tatu tangu walipoingia.

La tatu lilikuwa jembamba, limeng'arishwa mpaka unajiona pua. Halikulala kama wenzake. Lilijipinda kuanzia kwenye injini, likapanda ubavuni, na mdomo wake ukaangalia juu.

"Hilo ni la vijana," alisema mwenye duka. "Hilo ukipita, mtu anajua umepita."

"Na joto lake je?" aliuliza mke.

"Kila bomba lina joto, dada."

"Sijauliza la kila bomba. Nimeuliza la hilo."

Mwenye duka alikuna shingo. "Hilo linapita juu, karibu na abiria. Lina joto. Lina kibati cha kukinga, lakini ni kibati tu."

"Sauti ndiyo nguvu," alisema Paka, akiwa hamwambii mtu yeyote. "Pikipiki inapumua. Ikipumua inavuta." Mwenye duka hakumpinga. Muuzaji gani atamkatiza mteja anayejidanganya bila malipo?

"Hili la katikati lina kasoro gani?" aliuliza mke.

"Halina kasoro yoyote, dada. Ndiyo maana haliuziki."

Walikubaliana la katikati. Paka alisema "sawa" kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino. Mke alihesabu fedha zake juu ya kaunta, akamwachia mumewe kazi ya kufunga na makenika, akakimbia nyumbani, kwa sababu mtoto alikuwa kwa jirani na saa ya kunyonya ilikuwa imepita.

Alilisikia chaguo la mumewe kabla ya kumwona. Alikuwa ndiyo kwanza amemlaza mtoto pale uchochoro ulipojaa ngurumo, vifuniko vya sufuria vikatetemeka rafuni, mtoto akafumbua macho na kuanza kupiga kelele zake mwenyewe. Paka alisimama mlangoni, akavuta mafuta mara mbili zaidi kwa raha zake, ndipo akazima.

"Umenunua nini?"

"Sikiliza kwanza."

"Nimesikia. Hata waliozikwa wamesikia. Nauliza umenunua nini."

"Tulilijaribu tu," alisema Paka. "Makenika akasema tulijaribu, hakuna hasara. Jamaa wote wa stendi wakaja. Unajua wameniita nani? Wameniita Radi."

Alisema hivyo akiwa amejaa kifua, na macho yake yalikuwa yanang'aa kuliko bomba lenyewe. Mkewe alimwangalia akaona aibu, aibu ya kweli inayopanda usoni, kama vile yeye ndiye aliyefanya upumbavu. Aliliinamia bomba.

"Na kile kibati cha kukinga joto kiko wapi?"

"Nilimwambia akitoe. Kinaficha mng'aro."

Jumapili walipanda mlima wa kwenda kwa shangazi yake, yeye nyuma na mtoto kifuani. Pikipiki ilinguruma kama inataka kuhamisha mtaa, na ikaenda kama imefungiwa jiwe. Injini ile ilikuwa ndogo. Bomba lililofunguka vile liliifaa pikipiki kubwa inayokimbia barabara tambarare. Mlimani, kwenye mzigo, liliiacha bila pumzi. Mwenye duka alikuwa amemweleza Paka hayo yote kwa utaratibu, baada ya kupokea fedha. Katikati ya mlima Babu Kofia aliwapita. Alikuwa amebeba kitanda, na pikipiki yake haikusikika kabisa. Babu Kofia hakuwa na hekima yoyote ya kupigiwa mfano. Alikuwa bahili tu, na bomba lake la zamani hakulibadilisha kwa sababu lilikuwa halijaanguka.

"Amebeba kitanda cha mbao nyepesi," alisema Paka.

Walipofika, mke alishukia kulia kwa mazoea, na shavu la mguu wake likagusa bomba. Aliuma meno asimwangushe mtoto. Lilibaki doa refu jekundu, na kesho yake likawa malengelenge.

"Unatakiwa kushukia kushoto," alisema mumewe. "Abiria wangu wote nimewafundisha." Aliusema ufundishaji huo kama huduma ya ziada.

Mama Vifaranga alimpa mzigo wa majaribio katikati ya wiki. Alikuwa na haraka, mteja alikuwa anampigia simu kila dakika, na mama huyo alipolalamika juu ya kelele Paka alimwahidi kuwa ataweka pamba maalumu ndani ya bomba kufikia kesho. Maboksi mawili mapana, yenye matundu ubavuni, yalifungwa kwenye keria moja juu ya jingine, yakajitokeza kulia na kushoto. Mke alikuwa ameyashonea kifuniko cha kukinga upepo, cha kitambaa cha wavu, chepesi hivi kwamba ukikiweka usoni unasoma saa ya ukutani. Alikishona kwa uangalifu kuliko sare. Katika mishono ile alikuwa anahama chumba.

Akiwa mlangoni, mguu juu ya cherehani, alimsikia akitoka nyuma ya soko. Hakuna mke katika mji ule aliyejua zaidi alipo mumewe. Alisikia ngurumo ikikaribia, ikapita mbele ya duka la nafaka, ikafika stendi. Hapo ilitakiwa kupita. Haikupita. Ilisimama, ikanguruma, ikatulia, watu wakacheka, ikanguruma tena kwa muda mrefu, mtu akapiga makofi. Jua lilikuwa la utosi. Mke alisimamisha cherehani.

"Wako juu ya bomba," alijisemea. "Vifaranga wako juu ya bomba."

Alimpa jirani mtoto, akatoka mbio. Alipofika mwisho wa uchochoro, Radi alikuwa ameshaondoka, na wanaume walikuwa bado wanasifu.

Paka alirudi jioni na boksi moja, akaliweka sakafuni, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Wamekufa," alisema.

"Wote?"

"Wa boksi la chini. Wa upande wa kulia. Mteja amelikataa boksi zima."

"Upande wa bomba."

"Upande wa kulia," alisema Paka, kana kwamba hizo zilikuwa sehemu mbili tofauti.

Mke alifungua boksi. Karatasi ngumu ya chini ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja. Waliokufa walilala hapo, wamenyoosha vijishingo. Waliobaki hai walikuwa wamebanana kwenye kona ya kushoto, wamepanua midomo, na walipoona mwanga walianza kulia. Alikuwa mtu aliyechinja kuku bila kufikiri mara mbili, lakini hawa aliwaonea huruma. Aliwatilia maji kwenye kifuniko cha chupa, akawanywesha mmoja mmoja.

"Ulisimama stendi," alisema.

"Dakika tu."

"Nilikusikia. Mtaa mzima ulikusikia."

Paka alishika tama. Mkewe akaanza kutumaini kwamba anajuta. Kumbe alikuwa anapanga.

"Mama Vifaranga amesema atakuja kesho kuangalia," alisema hatimaye. "Akijua ni bomba, kazi imekwenda kwa yule mzee. Tutasema ni kifuniko."

"Kifuniko gani?"

"Chako. Kimezuia hewa."

"Ni wavu. Unaona mpaka ng'ambo."

"Yeye hakukitazama vizuri, alikuwa na haraka. Unacho kile kitambaa kizito cha mapazia. Shona kingine kwa kipimo kilekile."

Mke alimtazama ili aone kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amelegeza uso, sauti imekuwa ya chini na tamu, sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu uchumba.

"Wewe huna cha kupoteza," alisema. "Yeye si mteja wako. Atakufokea kidogo, utaomba radhi, basi. Mimi nitabadilisha bomba mwezi wa kwanza wa mshahara, naapa. Fikiria mtoto. Fikiria hili dari."

Alilitazama dari. Doa la maji lilikuwa limepanuka tangu mvua iliyopita. Basi akachukua kitambaa cha mapazia, akakaa kwenye cherehani, akashona kwa mikono yake kifuniko kibaya kinachofaa kuua vifaranga. Hata katika uongo hakuweza kupindisha mshono. Alikipiga pindo safi, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Mama Vifaranga alikuja kwa miguu, akihema, na mwavuli mkononi. Hakukaa. Alikunja kifuniko, akakikunjua, akakiweka mdomoni na kujaribu kuvuta pumzi.

"Umekishona wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa akili au kwa miguu? Hiki ni cha kufunikia vifaranga au maiti? Mtoto wako unamfunga hivi?"

"Nisamehe, mama."

"Fundi mzima, na cherehani mlangoni, hajui kiumbe kinavuta hewa."

Jirani wawili walikuwa wamesimama nje wakijifanya wanaanika nguo. Mke aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi; hakuwa amejiandaa kwa mumewe.

"Nilimwambia, mama," alisema Paka kwa masikitiko makubwa, akitikisa kichwa. "Nilimwambia kitambaa ni kizito. Lakini unawajua hawa, wakishika jambo lao hawaambiliki."

Alisema vizuri sana. Alisema kama mtu aliyeteseka. Mkewe alimhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile.

"Basi," alisema Mama Vifaranga, akitupa kifuniko kwenye kiti. "Kosa si lako, baba. Mwezi ukianza, kazi ni yako. Ila huyu asiguse tena maboksi yangu. Na hiyo pamba ya kupunguza kelele uiweke leo. Haya, nipeleke, jua limenichosha."

Paka alitoka upesi kama kijana. Alikuwa ameiosha pikipiki tangu asubuhi. Aliiwasha, akaiacha ingurume ipate moto, akaisogeza mpaka kizingitini ili tajiri wake asikanyage vumbi, ubavu wa kulia ukitazama mlango. Alikuwa na furaha iliyomsahaulisha masomo yake yote ya abiria. Mama Vifaranga alifunga mwavuli, akashika gauni lake, akalipandisha juu ya magoti, akainua mguu mnene uliokuwa wazi.

"Mama," alisema mke. "Pandia kushoto."

Mguu ulisimama hewani. "Kwa nini?"

Angeweza kusema kuna tope. Hapakuwa na tope, lakini angeweza kusema lolote. Alimwona mumewe akimtolea macho kutoka juu ya usukani.

"Huku utaungua," alisema.

Mama Vifaranga alishusha mguu. Alilitazama bomba. Kisha alimtazama mke, akashuka na macho mpaka kwenye shavu la mguu wake, ambapo malengelenge yalikuwa yamepasuka na kuacha nyama nyekundu. Aliweka kiganja karibu na mdomo wa bomba bila kugusa, akakipandisha polepole mpaka kikafika chini ya keria, akakirudisha haraka na kukipepea.

"Zima hiyo," alimwambia Paka.

Paka alizima. Ukimya ulikuwa mkubwa mpaka jirani wakaacha kujifanya.

"Na boksi langu hukaa hapa juu," alisema Mama Vifaranga. "Na waliokufa ni wa kulia." Alirudi ndani, akaokota kifuniko. "Hiki umekishona lini?"

"Jana jioni."

"Baada ya wao kufa."

Mke alilitazama pindo lake safi.

"Na nilivyokufokea, ukaomba radhi."

"Nyumba inavuja, mama," alisema mke. Hilo angalau lilikuwa la kweli.

Mama Vifaranga alimtazama kitambo. Huenda alitaka kusema jambo la wema, lakini hakuwa na mazoea nalo. Alifungua mwavuli wake, akampita Paka kama anavyopitwa mtu aliyesimama kwenye foleni isiyo yake, akaenda zake kwa miguu.

"Neno moja," alisema Paka walipobaki peke yao. "Umeshindwa kunyamaza kwa neno moja tu."

"Aliyechoka kunyamaza ni wewe," alisema mkewe. "Uliifurahia sana sauti. Sasa umesikika."

Pale stendi hawamwiti tena Radi. Habari zilifika kabla hajafika, na walewale waliompigia makofi walimpokea kwa jina jipya, Tanuri, wakamuuliza kama leo kuna kilichoiva. Alilirudisha bomba dukani. Mwenye duka alilichukua kwa robo ya bei, na hakumwita mtaalamu. Siku hizi pikipiki ina bomba la mtumba lenye kiraka, haina sauti ya kiume wala ya adabu; inakohoa, na wazee wanachagua dereva mwingine.

Kazi alipewa Babu Kofia. Siku ya kwanza alipita mlangoni kwa fundi akaomba kile kifuniko cha wavu, maana fundi hakihitaji tena, kwa nini kioze bure? Fundi alimtajia bei. Babu Kofia alilalamika, akajifanya anaondoka, akarudi, akalipa. Fedha hizo hazikutosha kuhama chumba. Zilitosha bati moja la kuziba juu ya kitanda.

Kila asubuhi sasa Paka huwa nje akifuta pikipiki yake, na mkewe yuko mlangoni, mguu juu ya cherehani. Saa ya maboksi ikifika, mke husimamisha gurudumu la cherehani kidogo. Pikipiki ya Babu Kofia haisikiki kabisa. Kinachosikika ni vifaranga, wanalia chini ya wavu alioushona kwa mikono yake, wanapita mlangoni pake, wanakwenda mpaka mwisho wa uchochoro. Paka hufuta palepale alipokwisha kufuta, na hainui kichwa.